Goti la Kanga Liko Wapi? Kusoma Mwendo wa Ndege kwa Eksirei na CT

Mjomba wangu anafuga kanga Mikese, ukitoka Morogoro kuelekea Dar. Kwa miaka yote niliyomfahamu ana hoja moja: goti la ndege linakunjikia nyuma, na huo ni ushahidi kwamba Mungu anapenda utani.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha. Nina miaka kumi na tano kwenye chumba cha eksirei na cha CT (mashine inayopiga mwili kipande kwa kipande kwa mionzi), na magoti ya abiria wa bodaboda niliyoyaona ni mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Siku moja nikamwambia, "Mjomba, samahani, hilo si goti."

"Ni nini?"

"Kifundo cha mguu."

"Na goti liko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye manyoya ya ubavuni, karibu kabisa na tumbo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayeweweseka kwa homa. Nikaahidi kumletea picha. Picha moja ikazaa nyingine, na sasa nina kabati la mifupa nyumbani na mume asiyeuliza tena kilichomo kwenye friza.

Ninayoandika hapa ni ya mtu anayeweza kuomba mashine ya hospitali au ya chuo cha mifugo kwa saa chache: mtaalamu wa mionzi mwenzangu, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, mwalimu wa biolojia mwenye rafiki hospitalini. Huhitaji maabara ya mamilioni. Unahitaji kushika jambo moja ambalo mimi lilinichukua ndege watatu kulielewa: picha ya mzoga inakuonyesha mguu unaweza kufika wapi, haikuonyeshi mguu unafika wapi. Kwa hiyo ndege yuleyule mmoja lazima umsome mara tatu: akitembea, akisimama mbele ya mionzi, na akiwa amekufa ndani ya CT. Ukitumia ndege watatu tofauti, mmoja kwa kila hatua, utakuja kulinganisha mfupa wa huyu na hatua za yule, na hesabu zako zitakuwa hewa.

Kwa nini kanga

Kwanza ni wetu. Ni ndege wa Afrika, na madoa yake ndiyo yaliyoipa jina ile nguo ambayo mama zetu wanahesabu kwa doti. Pili, anapenda kukimbia kuliko kuruka, kwa hiyo miguu yake ina kazi ya kusoma. Tatu, ana uzito wa kilo moja na nusu hivi, mifupa yake ni mikubwa kiasi cha kuonekana kwenye CT ya kawaida ya watu. Ukianza na shomoro utaona vumbi tu.

Na nne, wengine wameshatangulia, kwa hiyo una cha kulinganisha nacho. Katika Chuo Kikuu cha Brown huko Providence, Marekani, Stephen Gatesy na wenzake wamempiga kanga picha za mionzi zinazotembea kwa miaka mingi. Wana kamera mbili za video za eksirei zinazorekodi kwa wakati mmoja kutoka pembe mbili, halafu kila mfupa uliotolewa kwenye CT unawekwa mahali pake katika kila fremu. Njia hiyo inaitwa XROMM, na kwa kutumia vishanga vidogo vya metali ya tantali vilivyopandikizwa ndani ya mfupa, angalau vitatu kila mfupa, wanapima mwendo hadi sehemu ya kumi ya milimita. Mwaka 2014 Gatesy na Peter Falkingham walichapisha kazi ambayo kanga anatembea juu ya mbegu laini za mpopi, na mionzi ikaona vidole vikizama na kutoka chini ya uso, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Walikuwa wanataka kujua nyayo za dainosari zilivyoumbika. Mimi nilikuwa nataka kumshinda mjomba.

Ruhusa, na magonjwa

Hapa sitakaa sana, lakini usiruke. Pata barua ya mkuu wa kituo. Maneno ya mdomo hayatoshi. Panga muda baada ya mgonjwa wa mwisho, na ukubali kwamba ajali ikiingia saa hiyo, ndege wako anatoka mezani bila mjadala. Kwa ndege aliye hai, uwe na daktari wa mifugo pembeni na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chochote utakachoshirikiana nacho. Kanga wa kufugwa anarahisisha mambo; kanga wa porini yuko chini ya sheria ya wanyamapori, na kwa Tanzania utafiti wake unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia).

Ndege aliyejifia usimchukue kamwe, hata awe mzuri vipi. Kideri na mafua ya ndege havina adabu. Chukua ndege mzima kutoka kwa mfugaji unayemjua.

Na usichukue ndege wa bunduki. Ndege wangu wa kwanza nilimpata kwa mwindaji mwenye leseni, nikafurahi kwamba nimeokoa hela. Nilipofungua picha za CT nikakuta nyota. Marisau manne pajani, na kila moja limetoa miale myeupe na myeusi iliyofunika nyonga yote. Niliyaona kwenye skrini tu, kwa sababu kwa nje manyoya yalikuwa yamefunika matundu. Usiku mzima wa kazi ukaishia hapo.

Hatua ya kwanza: akitembea

Tengeneza uchochoro wa plaiwudi wenye urefu wa mita tatu na upana wa sentimita arobaini. Upande mmoja weka plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ndio upande wa kamera. Mwisho wa uchochoro weka mtama, na muhimu zaidi, weka kanga mwingine ndani ya tenga. Kanga hapendi kuwa peke yake. Akimwona mwenzake atakwenda moja kwa moja bila kupiga chenga. Mwache azoee mahali hapo siku mbili tatu kabla hujarekodi chochote. Kanga mwenye hofu anakimbia ameinama, na ukipima hofu utadhani ndio mwendo.

Simu nyingi za siku hizi zinarekodi fremu 240 kwa sekunde, na hizo zinatosha kwa mwendo wa kutembea. Iweke juu ya kitu kisichotikisika, mbali kadiri uwezavyo, mita mbili au zaidi, halafu uvute picha karibu, lenzi iwe kimo cha goti la ndege. Rekodi mchana kweupe, maana kwenye giza kila fremu inakuwa ukungu. Rula ya kipimo iweke kwenye mstari anaopita ndege. Watu wengi huichora kwenye ukuta wa nyuma, na hapo kila kipimo chao kinakuwa kikubwa kuliko ukweli, kwa sababu ndege yuko karibu na kamera kuliko ukuta. Simu ya pili itundike juu, ikitazama chini.

Sasa alama. Punguza manyoya kidogo, weka nukta ya rangi ya kucha nyeupe kwenye kifundo, kwenye kiungo ambapo vidole vinaanzia, na nukta mbili mgongoni juu ya mfupa wa nyonga, ambako ngozi imebana. Goti usiliwekee nukta. Ngozi ya pale inateleza juu ya mfupa kama soksi iliyolegea, na nukta yako itakwenda upande mmoja goti likienda mwingine. Mimi niliweka, nikapata kanga ambaye paja lake linarefuka na kufupika kila anapokanyaga.

Goti utalipata kwa hesabu, na ni hesabu ya mtu anayepima kiwanja kwa kamba. Kutoka CT utajua urefu wa mfupa wa paja na urefu wa mfupa wa muundi. Katika fremu ya video, chora duara lenye nusu kipenyo sawa na paja, kitovu chake kiwe nyonga. Chora jingine lenye nusu kipenyo sawa na muundi, kitovu kifundoni. Yatakatana mahali pawili. Palipo mbele ndipo penye goti.

Njia hii ina ukomo wake. Inadhani mguu wote unakwenda kwenye bapa moja linaloitazama kamera. Kazi ya Robert Kambic, Thomas Roberts na Gatesy ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba kanga huzungusha mifupa ya mguu kwenye mhimili wa urefu wake, kama unavyosokota mpini wa jembe mkononi, na mzunguko huo ni sehemu kubwa ya namna anavyokata kona. Duara zako mbili haziuoni kabisa. Kwa hiyo tumia zile hatua tu ambazo kamera ya juu inakuthibitishia kwamba alikwenda sawasawa na uchochoro. Nyingine zitupe, hata zikiwa nzuri kwa macho.

Hatua ya pili: boksi la sabuni

Hii ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, na ni ya bei nafuu kuliko zote.

Madaktari wa mifugo wamezoea kumlaza ndege chali, mabawa yametandazwa kama nguo ya kuanika. Kwa kutafuta mfupa uliovunjika ni sawa. Kwa kusoma mwendo haifai, maana hakuna kanga anayetembea chali, na tena ndege hapumui vizuri akilala hivyo. Mtafutie boksi la karatasi ngumu linalomtosha kusimama, lile la sabuni au la maji ya chupa. Karatasi haizuii mionzi. Mweke ndani, funika, na giza litamtuliza ndani ya dakika chache. Geuza mrija wa eksirei ulale, mionzi ipite kwa ulalo, kigunduzi kisimame upande wa pili kikigusa boksi.

Kagua boksi kwanza. La kwangu lilikuwa na pini za chuma chini, nami nilitumia dakika tano nikitafuta kwenye vitabu mfupa ambao ndege hana.

Kwa kanga mimi huanza na kV 55 (nguvu ya mionzi) na mAs 2 au 3 (wingi wake), umbali wa sentimita 100, bila gridi, ule wavu wa kuzuia mionzi iliyotawanyika, kwa sababu mwili wenyewe ni mwembamba. Linalohitajika ni muda mfupi. Tumia mkondo mkubwa ili mwangaza uishe ndani ya milisekunde chache; ndege hata akisimama kimya, moyo na kifua havisimami. Piga picha ya ubavuni, na ukijaliwa, nyingine kutoka mbele. Mbili zinatosha. Hakuna mtu wa kumshika ndege. Boksi ndilo linalomshika, nanyi wote nyuma ya ukuta wa risasi, vipima mionzi vifuani kama siku zote.

Kipimo: gundisha ndani ya boksi, usawa wa katikati ya mwili, gololi moja ya ekseli ya nyuma ya baiskeli. Hiyo ina kipenyo cha milimita 6.35, robo inchi kamili, na kila fundi baiskeli anayo kwenye kopo. Kwa nini ihitajike? Mfupa ulio sentimita kumi mbele ya kigunduzi unaonekana mkubwa kwa asilimia 11 hivi kuliko ulivyo, maana kivuli chake kinatanuka: gawanya 100 kwa 90. Ukiwa na gololi mahali ulipo mfupa, unasahihisha kwa mstari mmoja wa hesabu.

Utakachokiona kitakushangaza hata kama ulishaambiwa. Tumboni kuna mawe meupe yaliyorundikana; ni changarawe za firigisi, usimkimbize mtu kwa daktari. Kisha fuata nyonga. Mfupa wa paja hauendi chini. Unakwenda mbele, karibu umelala, umekumbatiwa na ubavu, na goti liko pale nilipomwonyesha mjomba kwa kidole, mbele, chini ya manyoya, likikunjika upande uleule linakokunjika la kwako na langu.

Nilichapa picha ile kwenye filamu nikampelekea. Akaiinua juani, akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akairudisha. Kisha akasema, "Kumbe anatembea amechuchumaa."

Sijawahi kusoma maelezo mafupi kuliko hayo. Uzito wa kanga, kidari na firigisi yote, uko mbele ya nyonga, na hana mkia mzito wa nyama wa kumsawazisha nyuma kama waliokuwa nao jamaa zake dainosari. Angesimamisha paja wima, nyayo zingekuwa nyuma ya uzito na angeanguka kifudifudi. Kwa hiyo analaza paja mbele, na mguu ulio chini ya goti ndio unaofika chini ya uzito. Akitembea polepole paja husogea kidogo tu, kazi kubwa inafanywa na goti. Akianza kukimbia, ndipo paja nalo linaanza kupiga hatua. Ukishaliona hili kwenye picha ya boksi, rudi kwenye video yako ya uchochoro. Utaitazama kwa macho mengine.

Hatua ya tatu: CT

Ndege anakufa kwa mkono wa daktari wa mifugo, na namna ya kufa ichaguliwe kwa swali lako. Ukitaka kusoma shingo, usichinje wala usinyonge. Kwa miguu haijalishi sana.

Mjomba aliuliza kama nyama inalika baada ya mionzi. Mionzi ya eksirei haibaki kwenye nyama, inapita na kwisha kama mwanga wa taa ukizimwa. Ila nyama iliyolala mezani nusu siku ikikunjwa na kukunjuliwa, hiyo usile kwa sababu nyingine kabisa.

Mpige picha kabla hajakakamaa, au subiri ukakamavu uishe. Akitoka kwenye friza, myeyushe ndani ya friji siku nzima, la sivyo utavunja kiungo kwa kukilazimisha. Mfunge kwa mifuko miwili ya plastiki, ya pili safi kabisa kwa nje. Nasisitiza hili kwa uchungu: kuna hospitali nilifungiwa mlango miezi miwili kwa sababu ya unyoya mmoja uliokutwa asubuhi kwenye godoro la mashine.

Mashine haikubali kuanza bila jina la mgonjwa. Niliandika jina "Kanga", jina la ukoo "Wa Pili", umri mwaka mmoja. Nikasahau kwamba picha za usiku zinakwenda zenyewe kwa daktari wa zamu anayesoma akiwa mbali. Alinipigia saa tano usiku, sauti yake ya upole, kuuliza kama nina habari kwamba mtoto huyu mifupa yake ya kiuno yote imeungana na uti wa mgongo. Weka neno NDEGE kwa herufi kubwa, na ukate utumaji wa moja kwa moja.

Mipangilio. Mimi hutumia kV 120, unene wa kipande milimita 0.6 au chembamba zaidi kama mashine inaruhusu, vipande vipandane nusu kwa nusu. Hapa hakuna haja ya kubana mionzi, maana mgonjwa hadhuriki. Lakini kinacholeta picha kali kwa ndege ni upana wa eneo la picha. Picha ina pikseli 512 kwa upande. Ukiacha eneo la milimita 500 lililowekwa kwa ajili ya tumbo la mtu mzima, kila pikseli ni karibu milimita moja, na ukuta wa mfupa wa ndege unayeyuka ndani yake. Ukibana hadi milimita 120, pikseli inakuwa milimita 0.23. Ni mashine ileile, usiku uleule. Mweke ndege katikati kabisa ya duara, tengeneza picha mara mbili, kwa kichujio cha mfupa na kwa kichujio cha nyama, na uondoke na faili za DICOM zenyewe, yaani faili asilia za mashine. Picha ya skrini uliyoipiga kwa simu haina kipimo ndani yake.

Ile gololi ya baiskeli itoe! Chuma ndani ya CT kinafanya yaleyale ya marisau. Badala yake tumia shanga ya kioo uliyoipima.

Sasa mikao. Mpige akiwa amekaa kama kwenye picha ya boksi. Hiyo ndiyo picha mama. Halafu kunja mguu hadi ugome, piga. Kunjua hadi ugome, piga. Panua pembeni, piga. Sukuma kwa kidole kimoja, na pale unapohisi kugoma ndipo mwisho. Vipande vya sponji vitashikilia mkao. Baada ya hapo toa ngozi na nyama, acha kano za viungo, rudia ile ile.

Kwa nini ujisumbue na kano? Mwaka 2018 Armita Manafzadeh na Kevin Padian walifanya hivyo kwa nyonga ya kware wa dukani. Mikao ambayo mifupa mitupu ingeiruhusu, takriban asilimia 95 yake ilizuiwa na kano. Mtu anayechezea mifupa mikavu mezani na kusema "tazama, mguu unafika hapa" anasimulia ndoto. Na hata huo uliobaki ndege hautumii wote. Chora kwenye karatasi eneo la mikao ambayo mguu wa mzoga ulikubali, kisha weka ndani yake nukta za mikao uliyoiona kwenye video. Zitakaa kwenye kona moja ndogo, kama watu wa harusi waliokimbilia kivuli cha mwembe mmoja kwenye uwanja mzima.

Kuitoa mifupa kwenye kompyuta

Programu ya 3D Slicer haina malipo na inatosha. Ingiza DICOM, nenda kwenye sehemu ya kutenganisha, weka kizingiti, yaani namba ambayo kilicho juu yake kihesabiwe mfupa. Kipimo cha Hounsfield kinahesabu hewa kuwa −1000 na maji kuwa 0. Mfupa uko juu huko, kwenye mamia. Kwa mifupa ya binadamu, wengi huanza na 300 au zaidi. Kwa ndege mimi hushuka hadi 200, kwa sababu kuta za mifupa yake ni nyembamba na kila pikseli ina nusu mfupa nusu nyama. Ukipandisha sana, mbavu zinatoboka; ukishusha sana, paja na nyonga vinagandana kuwa kitu kimoja. Kwenye viungo hakuna kizingiti kinachosaidia, itabidi ukate kwa mkono, kipande kwa kipande. Weka chai karibu. Nyonga moja hunichukua jioni nzima.

Tahadhari mbili. Usilainishe sana, kitufe cha kulainisha kinapendeza lakini kinakula vichwa vya mifupa, na vichwa ndivyo unavyovihitaji. Na ukiona sindano nyembamba nyeupe zimepanga mstari kando ya muundi, si mfupa uliovunjika. Ni kano za misuli zilizogeuka mfupa. Bata mzinga anazo, na kanga aliyekomaa pia. Zitunze kwenye safu yake peke yake, kwa sababu zinakuonyesha nguvu inapita wapi.

Kisha tafuta mihimili. Kichwa cha mfupa wa paja ni karibu tufe: ingiza tufe linalokaa ndani yake vizuri, na kitovu cha tufe ndicho kitovu cha nyonga. Ncha ya chini ya paja ina vifundo viwili kama magurudumu: ingiza silinda, na mstari wa katikati wa silinda ndio mhimili wa goti. Ukishapata mihimili, umbali wa kano ya msuli kutoka kwenye mhimili ndio mkono wa wenzo wa msuli huo. Pima kwenye kifundo kano ya nyuma iko milimita ngapi kutoka kwenye mhimili, katika kila mkao uliopiga. Zidisha na nguvu ya msuli, una msokoto wa kiungo. Bila CT ungekuwa unakisia kwa rula juu ya ngozi.

Ukitaka pumzi badala ya miguu

Hilo ni somo jingine, ila dokezo. Ndege hana kiwambo kati ya kifua na tumbo; mapafu yake hayatanuki, na hewa inavutwa na vifuko vya hewa pale mfupa wa kidari, ule wenye mkuku kama wa jahazi, unaposhuka na kupanda kama pampu. Ndiyo maana ukimbana kanga kifuani kwa nguvu hata dakika chache anakufa mikononi mwako huku unadhani umemtuliza. Mashine ya C-arm ya chumba cha upasuaji wa mifupa, ile inayotoa eksirei ya video, fremu 25 au 30 kwa sekunde, inatosha kuona mkuku ukipanda na kushuka kwa ndege aliyetulia. Kama C-arm yako ni ya zamani, picha yake imejikunja pembezoni. Piga kwanza bati lenye matundu yaliyopangwa sawasawa, uone matundu yalivyopinda, na programu ya XMALab, ya bure pia, itanyoosha video yote kwa kufuata bati hilo.

Kwa mabawa usithubutu kwa fremu 30. Farish Jenkins, Kenneth Dial na George Goslow walitumia 200 kwa sekunde mwaka 1988 kumtazama kwezi wa Ulaya akiruka ndani ya njia ya upepo, wakaona ule mfupa wa panda wa kifuani ukitanuka kwa karibu nusu ya upana wake kila bawa linaposhuka, halafu unarudi kama springi. Kwa fremu 30 wasingeona kitu.

Sufuria

Kazi ya mwisho haina mionzi. Chemsha mguu kwa moto mdogo, nyama ikijiachia isugue kwa mswaki wa zamani, anika kivulini. Pima paja kwa kalipa, kisha pima paja lilelile kwenye kompyuta. Tofauti ikiwa chini ya nusu milimita, endelea. Ikizidi milimita moja, kizingiti chako kina kasoro au uliingiza vipande kwa nafasi isiyo yake, na kila pembe uliyoihesabu inangoja kusahihishwa. Ndege wangu wa pili alirudi nyuma wiki tatu kwa sababu hiyo.

Mifupa ya kushoto na ya kulia hufanana mno ikishatoka sufuriani. Funga uzi mwekundu kwenye ya kushoto kabla ya kuwasha moto.